Marumaru za Nyumba ya Mama

Kaka yangu alinipigia simu mchana mmoja nikiwa ofisini kwangu Mirongo, hapa Mwanza, nimepiga magoti sakafuni, napanga na kupangua vipande vya marumaru kwa ajili ya mteja ambaye kila akija alikuwa na wazo jipya. Aliniambia amepata kiwanja Ilemela, juu kidogo ya ziwa, kwenye mawe, na kwamba msingi umeshaanza. Nikampongeza. Kisha akasema, "Nataka kumjengea mama."

Niliacha marumaru pale chini nikaenda kukaa kwenye kiti.

Mama yetu alikuwa peke yake kijijini, upande wa Bukoba, tangu baba alipofariki. Tuko wawili tu, kaka na mimi. Kaka amenizidi umri kiasi kwamba aliwahi kunibeba mgongoni kwenda kanisani, na baada ya baba kuondoka yeye ndiye aliyekuwa akiulizwa kwanza kwenye kila jambo la nyumbani. Anaishi Dar es Salaam, ana kazi nzuri. Mimi nilibaki huku Kanda ya Ziwa, na kazi yangu ni kumalizia nyumba. Fundi akishasimamisha kuta na paa, naitwa mimi nichague marumaru za sakafu na za ukutani, rangi, vitasa, taa, mapazia, mpaka ule ukanda mdogo wa pambo unaopita juu ya sinki la jikoni. Wengine wananiita mpambaji. Wateja wangu wengi wananiita dada wa marumaru, na jina hilo nimelizoea.

"Mama anazeeka," kaka alisema. "Hospitali kubwa iko Mwanza, wewe uko Mwanza. Atahamia huko. Mimi nitasimamisha nyumba, wewe uifanye iwe ya kukaa mtu. Wewe ndiye unayejua mama anavyoishi."

"Yeye amekubali?"

"Nimeshaongea naye. Amefurahi."

Jioni ile nilimpigia mama. Nikamwamkia, akaitikia marahaba kwa sauti ile ile ya siku zote, kama mtu aliyekatizwa katikati ya kazi. Nikamwambia nimesikia habari ya nyumba. Akacheka kidogo. Akasema, "Kaka yako ana mambo makubwa." Nikachukulia kwamba ni aibu ya kupewa zawadi. Mama hajui kupokea kitu bila kukipunguza kwanza.

Mteja wa kawaida huwa naanza naye kwa picha. Ananionyesha kwenye simu alichokiona mahali fulani, nami nachukua muda kumwondoa taratibu kwenye kile anachokitaka nimpeleke kwenye kile kitakachomfaa. Siku hizi anayejenga nyumba nzuri Mwanza anataka marumaru kubwa nyeupe zenye mistari ya kijivu, zinazong'aa mpaka taa za dari unaziona ziko miguuni kwako. Nimeziweka nyumba nyingi. Ni nzuri kupiga picha. Lakini kwa mama sikuanza na picha. Nilianza na miguu yake.

Mama hutembea pekupeku ndani ya nyumba. Goti lake la kulia halikunji vizuri, kwa hiyo mguu ule anauburuza kidogo, na ukimsikiliza akiwa chumba kingine unajua ameelekea wapi. Amefanyiwa upasuaji wa mtoto wa jicho, macho yote mawili, na tangu hapo mwanga mkali unaoruka kutoka sakafuni unamfanya afumbe macho. Asubuhi vidole vyake vinakuwa vigumu. Kitasa cha kuzungusha hakiwezi. Na anaogopa sana kuteleza, kwa sababu jirani yake aliteleza bafuni akavunja nyonga na hakuinuka tena.

Basi nilikaa na hayo. Nilipokwenda Ilemela mara ya kwanza kuta zilikuwa zimefika usawa wa madirisha, na mimi nikatembea humo ndani kwenye kifusi nikiwa ni mama. Nikatoka chumba cha chini, ambacho kaka alisema kitakuwa cha mama, nikaburuza mguu mpaka mahali pa bafu, nikageuka kwenda jikoni. Fundi mkuu alinitazama akaniuliza kama nimeumia.

Nikaamua sakafu nzima ya chini iwe ya marumaru zisizong'aa, zenye ukavu fulani ukizipapasa, maana jua la jioni huko linapiga ziwa kisha linaingia moja kwa moja ndani. Bafuni nikaamua vipande vidogo vidogo, kwa sababu vikiwa vidogo viungo kati ya kimoja na kingine vinakuwa vingi, na viungo ndivyo vinavyoushika mguu. Hakuna ngazi wala kizingiti kati ya chumba na bafu. Vitasa viwe virefu, vya kusukuma hata kwa kiwiko. Dirisha la chumba chake lishuke, ili akikaa kitandani aone maji bila kuinua shingo. Na chuma cha kujishikia ukutani, pembeni ya choo na kwenye bomba la mvua, cha rangi ya shaba iliyosuguliwa, kizuri, kisimtie mtu unyonge.

Hapo ndipo kaka alipopinga kwa mara ya kwanza. Nilimtumia picha ya chuma kile. Akanipigia.

"Hicho kitaonekana kama hospitali."

"Ni kwa ajili ya mama, kaka."

"Najua. Lakini si lazima kila mtu akiingia bafuni ajue kuna mzee."

"Kila mtu gani? Bafu ni la kwake."

Akasema sawa, nifanye ninavyoona. Mambo mengine yote alikubali bila swali. Aliniambia nichague kilicho bora kabisa, nisiangalie bei, na nikimtajia kitu cha pale mjini yeye aliniuliza kama hakuna kizuri zaidi ya hicho. Suala la kunilipa mimi halikutajwa, na nisingekubali litajwe.

Nilimshangaa kidogo kwa idadi ya vyumba. Vilikuwa sita, kimoja chini na vitano juu, na kila kimoja na bafu lake. Akaniambia ni kwa ajili ya Krismasi, sisi na watoto wetu tukija wote, kila familia iwe na faragha. Pia alitaka kaunta ya jiwe karibu na mlango wa mbele, mahali pa kuweka maua na funguo. Nikamchagulia jiwe jeusi lenye chembe za kijani. Nikafikiri Dar imemfundisha mambo ya Dar.

Kazi ikawa imeniingia. Kulikuwa na familia moja ya Nansio, kule kisiwani, iliyokuwa inamalizia nyumba yao na ilitaka nivuke kwenda huko nikae wiki kadhaa. Nikawaomba wamtafute mtu mwingine. Nilikuwa nimezoea kumpigia mama Jumapili baada ya ibada. Sasa nikawa nampigia kila siku, wakati mwingine mara mbili. Simu yake ni kitochi, haipokei picha, kwa hiyo rangi zote ilibidi nimweleze kwa maneno, na tulizieleza kwa Kihaya kwa sababu kwa Kiswahili rangi zetu ziliisha upesi.

"Hii ya sebuleni ikoje?"

"Kama kahawa ikishamenywa, kabla hujaikaanga."

"Ile iliyokaa juani au iliyotoka kumenywa sasa hivi?"

"Iliyokaa juani."

"Hiyo ni nzuri. Haitaonyesha vumbi."

Ukanda wa jikoni ndio uliotuchukua muda mrefu kuliko vyote. Nilikuwa nimeona marumaru ndogo za ukutani zilizotengenezwa kwa mkono, kila moja na rangi yake kidogo, za kijani kilichopauka. Zilitoka mbali, na kuzileta Mwanza bila kuvunjika ilikuwa shughuli. Nilimtajia majani mbalimbali na yeye akayakataa, mpaka nikamwambia ni kama jani la mgomba ukiligeuza upande wa chini. Kisha akasema, "Hizo ziweke."

Nilimwomba aje azione kwa macho kabla hazijabandikwa. Akaja kwa meli, akashuka bandarini asubuhi na mkoba wake na mkungu wa ndizi uliobebwa na kijana wa watu. Alikaa kwangu Buzuruga. Kesho yake nilimpeleka kwenye duka ninalochukulia vifaa, duka kubwa lenye vioo, ambako marumaru zimesimamishwa ukutani kama milango. Muuza duka, mama mmoja mtu mzima ninayemfahamu kwa miaka, alimletea kiti. Mama hakukaa. Alitazama zile nyeupe zinazong'aa akazipita. Alipofika kwenye zile tulizochagua, aliomba ziwekwe sakafuni. Zikawekwa vipande vinne, mraba. Mama akavua kiatu cha mguu wa kulia, akasimama juu yake, akasogeza mguu mbele, akaurudisha nyuma.

"Haitelezi," alisema.

"Ndiyo maana nimeichagua."

"Na haina baridi."

Yule muuza duka aliniambia pembeni, "Una bahati. Wangu mimi nikimwambia ahamie mjini hanisemeshi wiki nzima." Nikamwambia kweli nina bahati. Jioni nilimpeleka Ilemela. Akasimama kwenye kile chumba cha chini, mbele ya dirisha ambalo lilikuwa bado tundu, akaangalia ziwa kwa muda. Nikamwonyesha kitanda kitakaa wapi na kiti kitakaa wapi. Akaitikia kila nilichosema. Aligusa ukuta mara moja, kama mtu anayepapasa ng'ombe. Halafu akaomba turudi kwa sababu goti lilianza kumsumbua.

Marumaru zilibandikwa. Nilikuwa pale karibu kila siku na fundi wangu, tukikagua kila mstari kwa pima maji. Wakati mwingine kipande kimoja chenye doa kilinifanya nimwombe abandue upya safu nzima, naye hakulalamika, kwa sababu nilikuwa nimemwambia ni nyumba ya mama yangu. Dari la jipsamu nililifanya la kawaida kabisa, bila yale mawimbi na taa za rangi. Grauti ya bafuni, ile inayojaza viungo, nilichanganya mwenyewe mpaka ikakaribia rangi ya vipande, ili macho yake yasichanganyikiwe na mistari. Nyumba ilipokaribia kuisha, watu waliokuwa wanapita kwenda kujenga kwao walikuwa wanaingia kuangalia. Wanatembea polepole, wanaacha viatu mlangoni bila kuambiwa.

Siku niliyopeleka kitambaa cha mapazia ilikuwa asubuhi, mvua imekatika, mawe yote nje yanachuruzika maji. Mlango wa mbele ulikuwa wazi. Fundi milango alikuwa amechuchumaa mbele ya chumba cha mama, ana bisibisi mkononi. Tukasalimiana. Nikapita, kisha nikarudi nyuma.

Kwenye mlango, usawa wa macho, alikuwa amefunga namba moja. Ya shaba, nzuri, inafanana na vitasa nilivyochagua.

"Hii ni nini?"

"Namba, dada."

"Naona ni namba. Nani amekuambia uiweke?"

"Bosi wa Dar. Amezituma kwa basi, nimezichukua jana stendi ya Buzuruga." Alinitazama akaona uso wangu, akasimama. "Za juu nimeshamaliza. Mbili mpaka sita. Alisema moja iwe hii ya chini, ndiyo yenye dirisha zuri."

Nilipanda juu nikaziona. Kila mlango na namba yake, zimenyooka vizuri. Nikashuka. Nikaiona ile kaunta ya jiwe jeusi karibu na mlango wa mbele, nikaona ilivyokaa, urefu wake, na nafasi iliyoachwa nyuma yake mtu asimame. Mimi ndiye niliyeipima. Nimefanya kazi kwenye nyumba za wageni. Sikuhitaji kuambiwa zaidi. Nikatoka kibarazani nikampigia kaka.

"Kaka, shikamoo."

"Marahaba. Umefika huko?"

"Nimefika. Kuna namba milangoni."

"Nilitaka nikuambie nikija," alisema.

"Niambie sasa."

Akaniambia. Alizungumza bila kubabaika, kama mtu aliyekuwa amejiandaa siku nyingi. Nyumba itakuwa ya wageni, watu wa mikutano na wanaokuja kupumzika ziwani, wachache, wa heshima. Meneja ameshapatikana. Mama atatunzwa na nyumba hiyo mpaka mwisho wa maisha yake, na mimi pia sitasahaulika.

"Mama atakaa wapi?"

"Mama haondoki kijijini, unamjua. Kaburi la baba liko pale. Migomba yake iko pale. Mwanza angekaa mwezi mmoja."

"Uliniambia anahamia."

"Nilikuambia namjengea. Na ni yake. Kila kitakachotoka humo ni chake."

"Kaka, kwa nini hukuniambia tangu mwanzo?"

Nadhani alidhani swali lile lina jibu zuri. Sauti yake ililegea, ikawa karibu ya kunibembeleza.

"Ningekuambia ni nyumba ya wageni, ungenifanyia kama unavyowafanyia wateja wako. Ungeweka hizo hizo nyeupe za kila mahali. Nimeziona kazi zako, ni nzuri, lakini zinafanana. Nilitaka ile kazi unayoifanya ukiwa unamfikiria mtu. Na umeifanya. Hakuna nyumba kama hiyo Mwanza nzima, mdogo wangu."

Alisema hivyo kama mtu anayenisifu. Mpaka leo naamini alikuwa ananisifu.

Nilikata simu. Fundi milango alikuwa amesimama sebuleni na bisibisi yake, hajui aendelee au aache. Nikamwambia aendelee. Kitambaa cha mapazia nilikiacha juu ya kaunta, nikaenda kukaa kwenye gari. Sikulia pale. Nilikuwa najaribu kukumbuka ni mara ngapi nimetembea ndani ya ile nyumba nikiburuza mguu mbele ya mafundi, na nikawa nasikia aibu, kama mtu aliyekuwa anaongea peke yake barabarani akagundua watu wanamsikiliza.

Kitu cha kwanza nilichofikiri baada ya hapo kilikuwa mama. Nilimwonea huruma. Nilijiambia siwezi kumwambia kwa simu kwamba hakuna kuhamia, kwamba kile chumba alichosimama akiangalia ziwa kina namba mlangoni. Keshokutwa yake nikapanda basi la Bukoba. Safari ni ya kutwa. Njia nzima nilikuwa natafuta maneno.

Nilifika jioni. Mama alikuwa uani anamenya ndizi, visu viwili vimelala juu ya jani, kwa sababu nilikuwa nimempigia nikiwa njiani, Muleba. Nikamwamkia, nikakaa kwenye kigoda, nikachukua kisu cha pili. Tukamenya. Aliniuliza habari za wanangu. Nikamjibu. Kisha nikamwambia taratibu, bila kumtazama, kwamba kuna jambo kuhusu nyumba ya Ilemela, kwamba kaka amebadilisha mawazo.

"Ameshakuambia?" mama aliuliza.

Kisu changu kilisimama.

Hakushtuka kwa habari yenyewe. Alikuwa ameshtuka kwamba na mimi nimeijua. Nikamtazama. Yeye aliendelea kumenya, maganda ya ndizi yanaanguka moja moja.

"Mama, ulikuwa unajua?"

"Nilikuwa najua."

"Tangu lini?"

"Tangu aliponiambia anajenga. Aliniambia ni ya wageni, itakuwa inanisaidia, na wewe utaipamba. Akasema nisikuambie, atakuambia mwenyewe. Nilidhani atakuambia mapema."

"Pale dukani, ulipovua kiatu, ulikuwa unajua?"

"Nilikuwa najua."

"Na pale dirishani?"

Aliosha vidole kwenye beseni, akavikausha kwenye kanga. Utomvu wa ndizi hautoki kwa maji lakini alivisugua hata hivyo. Nikamuuliza kwa nini. Nilimuuliza kwa sauti ambayo sijawahi kuitumia kwa mama yangu, si ya kupaza, lakini haikuwa na heshima ndani yake, na yeye aliisikia.

"Ulikuwa unanipigia Jumapili," alisema. "Dakika chache, umechoka, unaniuliza nimekula, unaniambia unakwenda kupika. Sikulaumu, una maisha yako. Ile nyumba ilipoanza ukawa unanipigia kila siku. Unaniuliza napenda nini. Hakuna mtu aliyewahi kuniuliza napenda rangi gani, hata baba yako. Nilijua nikisema kweli utaacha."

"Nisingeacha kukupigia."

"Ungeacha kuniuliza."

Sikuwa na uhakika kwamba nisingeacha. Na nilikasirika zaidi kwa kutokuwa na uhakika. Kaka alinitumia, hilo nililielewa. Mtu wa mipango hutumia kilicho karibu. Lakini huyu nilikuwa nimempa kitu nisichompa mtu yeyote. Nilikuwa nimelibeba goti lake, macho yake, vidole vyake, nimezunguka navyo mji mzima nikivitafutia mahali pa kukaa, na kila alipokuwa ananijibu kwenye simu, iliyokaa juani au iliyotoka kumenywa sasa hivi, alikuwa anajua kwamba ni mguu wa mtu mwingine utakaokanyaga pale. Nilimwambia hivyo, kwa maneno machache kuliko haya. Akasema, "Naelewa." Akapeleka ndizi jikoni.

Tulikula. Nililala kwenye kitanda changu cha usichana, na asubuhi nikapanda basi la kwanza. Mama alinisindikiza mpaka barabarani, akaniwekea kahawa na maharage kwenye mkoba kama kawaida. Hatukukumbatiana. Alisema nimsalimie wajukuu.

Nyumba ile sikuimalizia. Kaka alikuja Mwanza, nikamkabidhi funguo ofisini kwangu, mafundi wangu wakiwa nje. Aliniomba msamaha kwa namna yake: alisema alikosea utaratibu. Nikamwambia hakukosea utaratibu. Akaniuliza kama atoe vile vyuma vya kujishikia bafuni, kwa sababu meneja havipendi. Nikamwambia nyumba ni yake, afanye anavyoona. Alivitoa. Niliona baadaye kwenye picha, maana picha za nyumba ile zilianza kuzunguka kwenye simu za watu. Palikuwa na matundu manne ukutani yaliyozibwa kwa grauti isiyofanana rangi. Mtu mwingine asingeyaona.

Wageni wanaipenda. Hilo ndilo gumu kulieleza. Wanasema ukiingia unatulia na hujui kwa nini. Wateja wameanza kuja ofisini kwangu kwa sababu yake, wananionyesha ile sakafu, ule ukanda wa kijani jikoni, wanasema wanataka hivyo hivyo. Na mimi nawafanyia. Naagiza marumaru zile zile, nachanganya grauti ile ile, na zinatoka vizuri. Mwaka huu nimekuwa na kazi kuliko mwaka wowote. Mteja akiniambia nyumba ni ya mama yake, namwomba namba ya huyo mama nizungumze naye mwenyewe. Wengine wanacheka. Mmoja alikasirika akaenda kwa mpambaji mwingine.

Na kaka tunasalimiana. Krismasi alitualika wote Ilemela, akafunga nyumba kwa wageni siku tatu. Niliwaambia wanangu waende na baba yao. Mama alikuja, akalala kile chumba cha chini. Wanangu waliniambia bibi alikuwa anaamka mapema anakaa dirishani.

Kwa mama nimerudi kupiga simu Jumapili. Kuna Jumapili ninazozipita. Tukizungumza tunazungumza vizuri, habari za mvua, za kahawa, za nani ameolewa, na wote wawili tunajua ni wapi pa kusimama. Miezi michache iliyopita alinipigia yeye, jambo ambalo si kawaida yake. Akaniambia saruji ya sebule yake imepasuka, ile iliyopigwa na baba, na kaka amesema iwekwe marumaru kabla ya masika.

"Nimemwambia wewe utachagua," alisema.

"Nitakutumia fundi mzuri, mama. Atakuja na vipande, utachagua mwenyewe."

"Wewe huji?"

"Nina kazi nyingi sasa."

Ilikuwa kweli, nilikuwa na kazi nyingi. Akasema sawa, Mungu akubariki na kazi. Nilimtuma fundi wangu bora, yule yule aliyebandika Ilemela, na nikamwambia asimharakishe. Alikaa huko siku kadhaa. Aliporudi alinipitia ofisini kunieleza kwamba kazi imeisha salama, na kwamba amepokewa vizuri, amekula mpaka ameshindwa. Nikamshukuru. Akasimama mlangoni kidogo, kofia mkononi.

"Mama amesema nikuulize utakwenda lini kuiona."

Nikamwambia bado sijapanga.